Mkaguzi wa Tiketi

Miaka ishirini na sita nilikagua tiketi
katika tramu za Łódź, laini ya kumi na moja,
na nilichojifunza ni hiki tu:
anayekimbia ndiye anayekamatwa.
Ukipanda na lile koti la kazi
yupo atakayerukia mlango wa nyuma; huyo utamdaka ngazini.
Aliyeketi dirishani anamenya chungwa,
hana tiketi, hana haraka,
unampita.
Unamwomba na radhi kwa kumkanyaga.

Kwa hiyo Daktari Zaremba alipoanza kunichorea seli
nyuma ya bahasha,
nilimkatiza: basi, nimeelewa.
Dawa ya dripu huvizia seli zinapojigawa.
Saratani ya ovari iliyo kali hukimbia, nayo hunaswa mbioni.
Yangu ni ya daraja la chini.
Zenon akatabasamu. Alidhani ni habari njema,
kama vile adui yetu kafeli mtihani.
Daktari akangoja
hilo tabasamu lishuke lenyewe kituoni.

Waliikata mara ya kwanza, ikakaa kimya miaka mitano.
Sasa imerudi: vipunje juu ya utando wa tumbo,
mchele uliomwagika usiku
ukaonekana kulipopambazuka.

Nikauliza swali la kikazi: katika mia, wangapi?
Uvimbe unaosinyaa? Wanne. Pengine watano.
Wengi hubaki vilevile walivyo,
na nani awezaye kusema
kama ni dawa iliyowashikilia
au ni mwendo wao tu, wa kujikokota?
Nilimpenda kwa lile "nani awezaye kusema".
Wengine kabla yake walikuwa wakiniahidi vita.

Nikakubali mizunguko sita hata hivyo.
Mtu hawezi kukaa na nne mfukoni asiitumie.

Nywele zangu, maskini, zilikuwa na haraka:
zikakamatwa zote, hadi kope.
Ngozi laini ya mdomo, kucha, damu changa ya mifupani,
raia wema wenye tiketi halali
wakatozwa faini mmoja mmoja.
Na yule wa dirishani
akatema kokwa la chungwa, akaendelea kutazama nje.

Picha ya Machi: sentimita mbili nukta moja.
Picha ya Juni: mbili nukta moja.
Haijapungua, alisema Zenon.
Haijaongezeka, nilisema mimi.
Tuligombana kwa vitenzi hivyo viwili
mpaka supu ya bitiruti ikapoa, ikafanya ngozi juu,
naye akaondoka mezani akaenda kunoa visu
ambavyo alivinoa Jumapili.

Kwenye ripoti waliandika: imetulia.
Neno la mtoto aliyekuwa akilia.
Unatembea kwa ncha za vidole, huthubutu kufunga mlango.

Zaremba anasema tuache dripu.
Kuna tembe ndogo, nyeupe, moja kila asubuhi,
zinazoinyima homoni inayoilisha.
Hazimfukuzi mtu.
Zinafunga mkahawa wa kituoni, basi,
tuone atakaa na njaa hadi lini.
Kwa wangapi katika mia? Wengi kidogo kuliko wanne, alisema,
akaikunja bahasha akanipa,
seli zake zote zimechorwa na macho, sijui kwa nini.

Jana nilipanda ile ya kumi na moja kama abiria.
Mkaguzi mgeni, kijana, koti bado lina mikunjo ya stoo,
alimkurupukia mvulana mlangoni.
Nikataka kumwita: geuka, mwanangu,
tazama walioketi.
Lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimeketi,
kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi ambazo hazipo,
na kadi yangu ya wastaafu
nimeisahau nyumbani, mlangoni pa friji,
chini ya sumaku moja na picha ya Juni.